Kitanda Juu ya Tofali Mbili

Kiwanja kile nilikipenda mara moja. Ilikuwa Septemba 2017, kiangazi kimekolea hapa Dar es Salaam, na udongo ulikuwa mkavu mpaka umepasuka nyufa za kuingiza kidole. Dalali alivaa suruali nyeupe. Tulizunguka mipaka yote minne na suruali yake ikarudi vile vile. Kiwanja kilikuwa mita ishirini kwa thelathini, nguzo za umeme zimeshafika, na bei ilikuwa nusu ya viwanja vya upande wa juu, mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu. Nilipouliza mbona rahisi hivyo, akasema mwenye nacho amebanwa na ada za watoto. Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini.

Jirani wa kushoto alikuwa bibi mmoja mjane. Nikaenda kumwamkia, kama inavyopasa mtu anayetaka kuhamia. Akanikaribisha ndani, na nilipovuka kizingiti ilinibidi kunyanyua mguu kama mtu anayepanda daladala, kwa jinsi kilivyojengewa juu. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Nikaona kitanda chake kimeinuliwa, kila mguu umesimama juu ya tofali mbili. Ukutani, usawa wa goti, kulikuwa na mstari: juu yake rangi nyeupe, chini yake rangi ya chai. Yote matatu niliyaona kwa macho yangu, nikajisemea moyoni kwamba wazee wana mambo yao.

"Vipi bibi, hapa panakaliwa?" nikamuuliza.

"Pazuri, mwanangu," akajibu taratibu. "Kiangazi pazuri sana."

Jioni hiyo hiyo nikatoa arabuni ya shilingi milioni moja.

Nimeanza na kosa langu makusudi, ili nitakapowasimulia kosa la mji wa wenzetu msidhani nimekalia kiti cha hakimu.

Januari 2018 nilimsindikiza mjomba wangu India kwa matibabu, katika jiji la Chennai. Jiji hilo Watanzania wengi wanalijua kwa sababu kama yangu: wamekwenda huko na mgonjwa, au wamechangia nauli ya anayekwenda. Kazi ya msindikizaji ni kungoja. Siku moja mjomba akiwa amepumzika, dereva wa bajaji aliyezoea kutubeba, na kule bajaji huitwa "auto", akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba atanipeleka kuona ndege. Tukaelekea kusini ya jiji, kama kilometa ishirini kutoka katikati ya mji, mpaka mahali panapoitwa Pallikaranai.

Barabara pale inakatisha katikati ya kinamasi. Watu walikuwa wameegesha pikipiki pembeni wakipiga picha. Upande mmoja kulikuwa na maji ya kina kifupi, matete, na heroe wamesimama kwa mguu mmoja kama wale wetu wa Ziwa Natron. Mwari walikuwa wakiogelea kwa kikundi. Nyuma ya ndege yalikuwa majengo marefu ya vioo, ofisi za kampuni za kompyuta, yanang'aa kwa jua. Na upande mwingine, mlima. Nilidhani ni kilima kweli, mpaka nilipoona moshi unatoka ubavuni na malori yanapanda. Lilikuwa dampo la jiji, dampo la Perungudi, limewekwa ndani ya kinamasi chenyewe. Hifadhi ya ndege, ofisi za vioo na jalala, vyote unaviona bila kugeuza shingo sana.

Dereva alisimamisha chombo kwenye mtaa mmoja wa karibu, akaniita nisogee ukutani. Akaweka kiganja chake kifuani. Maji yalifika hapa, akasema, 2015. Kulikuwa na mstari, juu rangi ya ukuta, chini rangi ya chai.

Nilikumbuka tofali mbili za bibi. Sikulala vizuri usiku ule.

Tangu hapo nikawa natafuta habari za mahali pale, na nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike. Miaka ya 1960 kinamasi cha Pallikaranai kilikuwa na ukubwa wa kiasi cha kilometa za mraba 50. Maji ya eneo la kilometa za mraba 250 hivi, kutoka kwenye mabwawa mengi ya zamani ya kumwagilia mpunga, yalikuwa yakishuka bwawa hadi bwawa mpaka yanafika pale, yanatuama, yanatitia ardhini kidogo kidogo, na yanayobaki yanatoka kwa mkondo mmoja mwembamba uitwao Okkiyam Maduvu kuelekea baharini. Wakulima wa zamani walilielewa jambo hilo. Walijenga vijiji vyao kwenye miinuko, wakaliacha bonde lifanye kazi yake.

Tatizo lilianza kwenye daftari. Katika kumbukumbu za kodi ya ardhi, utaratibu uliorithiwa kwa Waingereza, shamba ni kitu kinachotoa mazao, na mazao hutoa kodi. Kinamasi hakikutoa mpunga wala karanga, kwa hiyo kikaandikwa kuwa ardhi isiyo na kazi. Neno hilo moja likakaa kwenye makabati ya serikali miaka na miaka. Mji ulipokua na kila idara ikatafuta mahali pa kuweka kitu chake, karani alifungua daftari, akaona eneo kubwa lililo karibu na mji, halina mwenyewe, halina kazi. Nani angelikataa?

Hapa naomba niingize neno la kwetu. Bonde la Mto Msimbazi likikaribia bahari, sehemu yake moja tunaiita Jangwani. Mahali penye maji kuliko pote katikati ya Dar es Salaam tumepapa jina la jangwa. Sijui aliyeanza alikuwa na maana gani, lakini sisi tuliofuata tumelitumia jina hilo kama karani wa Chennai alivyotumia daftari lake.

Basi kule Pallikaranai mambo yakaenda kwa hatua ndogo ndogo, na kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri. Jiji lilihitaji pa kutupa taka, likaanza kuzitupa pale miaka ya 1980. Serikali ilihitaji pa kujenga taasisi, ikapewa kipande. Reli ya mjini ikafikishwa mtaa wa Velachery mwaka 2007, na stesheni ikasimama kwenye ukingo wa kinamasi. Barabara ya zamani ya kwenda Mahabalipuram ikapanuliwa ikawa njia kuu ya kampuni za kompyuta. Vijana walioajiriwa kwenye kampuni hizo walitaka kukaa karibu na kazi, nao madalali wakawapo, kama wanavyokuwapo kila mahali. Kifusi kikamwagwa. Ghorofa zikapanda. Kati ya zile kilometa za mraba 50 ikabaki sehemu ndogo tu.

Dalili zilikuwapo tangu mapema, wala hazikujificha.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye majina ya mitaa. Chennai ina mtaa maarufu sana kwa biashara, T. Nagar, mtu akitaka vitambaa au dhahabu huko ndiko anakoelekezwa. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1920 juu ya bwawa refu lililokaushwa. Bwawa limekwisha zamani, lakini upande ule bado kuna barabara inayoitwa Lake View, yaani mandhari ya ziwa. Watu wanapita humo kila siku, ziwa hawalioni, na hawaulizi limekwenda wapi. Tusiwacheke. Kwetu Msasani kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Mvua ikinyesha watu wa pale wanatoa maji ndani kwa ndoo na kulalamika kwenye redio, na mimi nimewahi kuwasikiliza nikashangaa pamoja nao. Jamani, mpunga unalimwa wapi?

Dalili ya pili ilikuwa mafuriko yenyewe. Mwaka 2005 mvua kubwa ililizamisha eneo la Velachery. Mwaka 2008 kimbunga Nisha kikaleta mengine. Kila mara maji yalipokauka watu walipaka rangi kuta zao, na bei ya nyumba ikaendelea kupanda. Nafikiri hii ndiyo dalili inayotupita wengi wetu, kwa sababu mafuriko yakija mara moja tunaogopa, lakini yakija mara mbili na tukapona tunaanza kuyazoea. Mtu anasema, "Aa, yanakuja lakini yanaondoka." Nimelisikia neno hilo hapa kwetu Kigogo, nimelisikia Mchikichini.

Dalili ya tatu ilisemwa na wataalamu. Watafiti wa shirika la Care Earth, la hapo hapo Chennai, walikichunguza kinamasi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaeleza kazi yake: kinapokea maji, kinalisha visima. Wakazi nao walipiga kelele kuhusu moshi wa dampo. Ilichukua mpaka mwaka 2007 idara ya misitu kutangaza hekta 317 kuwa msitu wa hifadhi. Msitu, ndiyo, ingawa miti hakuna. Ni kwamba sheria waliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya misitu, wakaitumia hiyo hiyo, na katika habari hii yote nawapongeza hao kuliko wengine. Lakini nje ya mpaka wa hizo hekta kifusi kiliendelea.

Kisha ikaja 2015. Mwezi wa Novemba peke yake Chennai ilipata milimita 1,049 za mvua. Ili msomaji wa Dar es Salaam aelewe: sisi hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima, masika na vuli pamoja. Ardhi ilikuwa imeshashiba. Mabwawa yalikuwa yamejaa. Ndipo tarehe 1 Desemba mvua ikashuka tena, na kituo cha Tambaram, kusini ya jiji, kikapima kiasi cha milimita 490 ndani ya saa 24.

Sitaki kusema uongo kwa ajili ya kunogesha funzo langu. Maafa mengi ya siku ile yalitokana na mto Adyar, uliofurika baada ya maji kufunguliwa kutoka bwawa la Chembarambakkam, na mvua ya namna ile ingeumiza mji wowote. Lakini kule kusini, maji yaliyoshuka kutoka mabwawa ya juu yalifika mahali yalipozoea kufikia tangu enzi na enzi, yakakuta pamejaa. Mahali pa kutuama pana ghorofa. Barabara mpya zimenyanyuliwa kama tuta, zinazuia. Mkondo wa kutokea ni ule ule mmoja, mwembamba, na sasa una taka. Yakapanda. Wavuvi wakaleta mitumbwi na boti zao kutoka pwani wakawa wanaokoa watu kwenye mitaa ya wafanyakazi wa kompyuta. Uwanja wa ndege ukafungwa siku kadhaa. Gazeti la The Hindu, ambalo lilianza mwaka 1878, halikuchapishwa Chennai tarehe 2 Desemba kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa kuwa wachapaji hawakuweza kufika mtamboni. Mamia ya watu walikufa katika jimbo la Tamil Nadu msimu ule.

Dereva wangu aliniambia alikaa juu ya dari siku mbili na mkewe na mtoto. Bajaji yake alikuwa bado anailipia mkopo. Alisimulia huku anatabasamu, kama watu wanavyotabasamu wakisimulia jambo lililowashinda.

Halafu, miaka mitatu na nusu baadaye, mji ule ule ukakosa maji. Juni 2019 mabwawa makubwa manne yanayoinywesha Chennai yalikuwa yamekauka mpaka chini. Watu wakapanga ndoo foleni usiku kucha. Hoteli zikafupisha saa za kazi. Mwezi Julai serikali ikaleta treni kutoka Jolarpet, zaidi ya kilometa 200, ina mabehewa 50 ya maji, lita milioni 2.5 kwa safari moja. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeketi barazani kwangu na nikaisoma mara mbili. Mvua ya 2015 ilikimbilia baharini, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikiituliza na kuititisha chini ilikuwa imeezekwa zege. Wale wale waliopandia juu ya dari sasa walikuwa wanangoja lori la maji.

Mwaka 2022 Pallikaranai iliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, safari hii kwa hekta 1,247, orodha hiyo hiyo ambayo kwetu ina bonde la Kilombero na Malagarasi. Jiji lilianza pia kulichimbua dampo la Perungudi na kuzichambua taka zake. Ni kazi njema. Lakini Desemba 2023 kimbunga Michaung kilipopita, Velachery na Pallikaranai zilizama tena. Cheti kinazuia kifusi cha kesho. Ghorofa za jana zimeshakaa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu nyumbani tunayajua haya na bado tunayafanya. Desemba 2011 mvua iliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, wengi wao mabondeni, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Baadaye tukaenda tukajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale pale Jangwani, na mabasi yakaogelea. Wana Yanga wenzangu wanaujua uwanja wetu wa Kaunda, hapo hapo Jangwani, ulivyogeuka bwawa la kambale. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulirekebisha bonde la Msimbazi, na nyumba zikabomolewa kwa fidia. Hizo ni fedha za kununua upya nafasi ambayo mto ulikuwa nayo bure.

Niliporudi kutoka India sikwenda kiwanjani moja kwa moja. Nilikuwa na aibu, na milioni yangu ilikuwa inaniuma. Nikajipa sababu: hapa si Chennai, kiwanja kimoja hakizamishi mji, majirani mbona wanaishi. Yote hayo alikwisha kuyasema mtu wa Velachery kabla yangu, kwa Kitamil. Nikangoja mpaka Aprili, masika ya 2018, mvua ilipopiga siku kadhaa mfululizo, nikavaa ndala nikaenda.

Sikuiona mipaka. Nguzo moja ya kona ilikuwa imechomoza kama fimbo ya mtu aliyezama. Vyura walikuwa wanapiga kelele hata sauti ya mvua haikusikika vizuri. Bibi alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja juu, redio pembeni, maji sakafuni yamefika kwenye tofali ya pili. Akaniona mlangoni.

"Umekuja kuangalia kiwanja?" akauliza, na hakukuwa na kejeli katika sauti yake.

Nikamwuliza mbona siku ile hakuniambia. Akasema hakuna mtu anayeuliza habari za masika wakati wa kiangazi, na tena dalali alikuwa amesimama pale nje. Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyeona kizingiti, nikaona ukuta, nikaona kitanda, nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nimeshalichagua.

Simu ya dalali haikupatikana tena. Arabuni imekwenda, na naihesabu kuwa ada ya shule.

Ndugu yangu unayehangaika na kiwanja, nakuomba: usikiangalie Septemba peke yake. Nenda Aprili, nenda na ndala, siku ya tatu ya mvua. Tazama ukuta wa jirani usawa wa goti. Ukiona matete au mafunjo, ukisikia vyura, uliza. Uliza jina la zamani la mahali, na umuulize mzee mkiwa wawili, dalali akiwa mbali. Bei ikiwa nusu, jua kuna mtu ameshaijua sababu. Na ukikuta bonde liko tupu katikati ya mji uliobanana, kabla hujasema halina kazi, jiulize kwa nini waliokutangulia, ambao nao walitaka pa kujenga, waliliacha.

Mwaka uliofuata, kiangazi tena, nilipita kumsalimia bibi nikiwa na sukari na mchele. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Malori yalikuwa yamemwaga kifusi mpaka kikapanda juu ya usawa wa barabara, na msingi ulikuwa umeshafika kozi nne. Mwenye nyumba hakuwapo, nikaacha namba yangu kwa fundi, lakini hakunipigia. Maji yaliyokuwa yakikaa pale sasa yana mahali pengine pa kwenda, nako ni kwa jirani wa kushoto. Bibi alinionyesha. Kitanda chake kiko juu ya tofali tatu.